Chachu Niliyokuficha

Riziki mwanangu,

Usiisome barua hii mbele ya tonton Bosco anayekupeleka. Atataka umsomee kwa sauti, na kabla hamjafika nusu ya safari, waendesha pikipiki wote wa barabara ya mashariki watakuwa wanajua mambo yetu. Ngoja asimamishe pikipiki, aende kutafuta chai, ndipo uifungue.

Wenzangu wameshaondoka. Nimebaki peke yangu ofisini, dirisha bado lina mwanga, na kalamu ya serikali naitumia kwa jambo lisilo la serikali. Nyumbani nisingeweza kuandika. Begi lako liko pale mlangoni, na kila nikilipita naona limefungwa vizuri mno, kama begi la mtu aliyefurahi kulifunga.

Sitakuambia habari za chandarua, wala za sabuni, wala za wavulana. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaanza kunijibu kabla sijamaliza. Nataka kukueleza habari ya ile chupa ya chachu. Leo asubuhi uliitafuta kwenye mchanga chini ya mtungi wa maji ukaikosa, ukaniuliza, nikasema labda panya wameiangusha. Panya hawajafanya kitu. Ninayo hapa mbele yangu. Nilikuja nayo kazini ndani ya mkoba, nimeizungushia kitambaa cha kichwa, ili usiipeleke Bafwasende kwa Mama Feza.

Sasa umejua. Naomba usiikunje barua. Endelea.

Wivu wangu haukuanza na Mama Feza, mke wa baba yako. Ulianza hapo hapo nyumbani Kabondo, kwa koko yako, mama yangu mzazi, na kwako wewe ulipokuwa bado unatambaa. Nilikuzaa nikiwa mwanafunzi. Koko alikuchukua, akakufunga mgongoni, akaniambia nirudi darasani kabla watu hawajamaliza kunisema. Nilirudi. Nilimaliza shule, nikaendelea, nikapata kazi hii ya kuandika watoto wa watu wanapozaliwa. Wote walinisifu. Lakini kila jioni nilipoingia uani na vitabu vyangu niliwakuta ninyi wawili mmechuchumaa kwenye chungu, na hamkunisikia nikibisha. Koko alikuwa anachovya kidole kwenye maji ya ndizi, anakulambisha. Neno “mama” ulilisema kwanza kwake. Mimi uliniita “mama ya masomo”, na watu wa jirani walicheka sana, nami nikacheka pamoja nao.

Koko alikamua kasiksi, bia yetu ya ndizi, kama walivyomfundisha kwao Kivu. Ndizi zilizikwa shimoni mpaka zikawa laini, zikapondwa na majani makavu, maji yakachujwa, akatia unga wa mtama uliokaangwa, na alipokosa mtama alitumia mahindi. Wanawake wengine hapa mjini walitia hamira ya mkate ya dukani. Koko aliicheka. Alisema inapiga kelele kama mlevi anayeingia nyumbani, halafu asubuhi hukuti kitu ila harufu ya mkate uliolala. Yeye alitumia chachu yake, iliyotoka kwenye bia iliyopita, na hiyo ilitoka kwenye bia ya kabla yake, na kurudi nyuma hivyo hivyo mpaka kwenye chungu cha mama yake ambaye mimi sikumwona.

Unayajua haya kuliko mimi, lakini niache niyaandike, kwa sababu sijawahi kuyasema kwa mdomo wangu. Bia ilipokwisha kumiminwa, chini ya chungu palibaki matope. Watu wengi huwamwagia bata. Koko aliyatia maji yaliyochemshwa yakapoa, akayakoroga, akayaacha yatulie. Unga mzito na weusi wake ulianguka chini kwanza. Juu palibaki maji membamba. Katikati palijitenga tabaka nyeupe yenye unjano kidogo, nzito, kama maziwa ya kwanza ya mwanamke aliyejifungua. Hiyo ya katikati ndiyo aliyoihamisha chupani. Mimi niliyaona haya nikipita na sahani yangu ya chakula. Wewe ulikuwa umeshika kata.

Alipofariki nilichukua chungu. Mshahara wetu unakuja siku unayotaka wenyewe, na wewe ulitaka kula kila siku. Lakini niliogopa, Riziki. Unajua ninavyoogopa. Niliogopa mkuu wangu asikie kwamba karani wake anakamua pombe uani. Niliogopa mnywaji mmoja augue tumbo, watu waje kunipigia mlango. Kisha wakaja wale waliotufundisha hapa ofisini habari za kipindupindu, wakatugawia klori, wakasema maji yote yatiwe matone. Nilisikiliza kuliko wote. Nilirudi nyumbani nikaikosha chachu ya mama yangu kwa maji yenye klori, taratibu, kwa heshima, nikihakikisha sikukosea kipimo. Niliona nimefanya kazi nzuri kuliko yeye.

Ulikuja ukatega sikio kwenye chungu.

“Mama, imekufa. Haiseme kitu.”

Nilikuambia tungoje mpaka kesho.

“Haiko na kesho,” ulisema. “Uliiogesha na dawa ya kuua.”

Hukunicheka. Ungenicheka ningevumilia zaidi. Ulikaa kwenye kigoda cha koko, ukakumbatia magoti, nami nikaona kwamba unamlilia yeye mara ya pili, na kwamba safari hii aliyemuua ni mimi.

Haikupita muda mrefu ukaingia na chupa iliyofungwa kwa jani la ndizi. Nilikuuliza imetoka wapi. Ulisema, “Kwa mutu wa koko.” Nilidhani ni rafiki yake wa zamani, mmoja wa wale wamama wa sokoni. Tuliitia kwenye maji ya ndizi, na kulipokucha chungu kilikuwa kinaongea. Nilionja. Ilikuwa ile ile. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, na tangu siku hiyo yule mama wa sokoni nisiyemjua nimekuwa nikimtaja katika sala zangu.

Basi juzi Mama Feza akapiga simu.

Unajua anavyoongea, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Alitaka kujua unapenda mboga ya pondu ya namna gani, na kama unalala na taa. Nilimjibu kama ninavyowajibu watu wa dirishani hapa, neno moja moja. Alipotaka kuaga akasema:

“Bon, Mama Riziki, na ile chachu nilitumaka, ilifikaka muzima?”

Nikauliza chachu gani.

“Ile Riziki aliombaka. Ile ya maman.”

Alimwita mama yangu maman. Nilimwambia mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa safi kabisa. Nilimsikia hata akipumua.

Nilikukuta jikoni unamenya muhogo. Nilikuuliza kwa nini ulimpa yule mwanamke chachu ya koko, na hukuinua kichwa.

“Siye miye. Njo koko alimupatiaka, ule mwaka papa alimuleta kutusalimia.”

Ule mwaka naukumbuka. Nilijifungia chumbani nikasema kichwa kinaniuma. Niliwasikia uani wakicheka, mama yangu na mke wa baba yako, na nikajiambia kwamba koko anamfanyia adabu tu, mgeni ni mgeni. Kumbe alikuwa anamchotea. Mwanamke yule aliondoka nyumbani kwetu na damu ya nyumba yetu katika chupa, nami nimelala nimegeukia ukuta.

Nikakuuliza koko alisema nini. Ulinijibu kwa sauti yake hasa, hata ile namna yake ya kuvuta neno la mwisho:

“Alisema, usipatie jirani. Ya jirani inakufaka siku moja na ya kwako. Maji ni moja, ugonjwa ni moja. Tuma mbali, kwa mutu mwenye atakumbuka ni ya nani.”

“Na mbona hukuniambia?”

“Ungeimwaga.”

Ukaendelea kumenya. Ulikuwa umesema kweli. Ningeimwaga. Ningeenda kununua hamira ya mkate, ningekunywa ile harufu ya mkate uliolala maisha yangu yote, na ningejiona nimeshinda.

Nakuandikia wivu jinsi ulivyo kwangu, ili siku ukikupata usidhani ni ugonjwa ambao hakuna mwingine amewahi kuugua. Ile blauzi ya kitenge aliyokutumia Mama Feza, ile yenye ndege wa kijani, nimeifua mara nyingi kuliko ilivyochafuka. Umeona imepauka, ukalaumu jua. Unapozungumza naye kwenye simu, mimi napunguza moto chini ya sufuria ili mchemko usinizuie kusikia. Wajomba zako walipokaa kuzungumza ombi la papa yako kwamba ukasome sekondari ukiwa kwake, nilijipa moyo kwamba utalia. Nilikuwa nimeandaa hata maneno ya kukutuliza. Ulisema ndiyo kabla mjomba mkubwa hajamaliza kuuliza. Yale maneno ya kukutuliza ninayo bado, sijui nimpe nani.

Na jana ukaniomba chupa. Ulisema chachu ya Mama Feza imechoka, mvua iliingia ghalani kwake, bia yake inachachuka na kuwa siki, na kwamba ni zamu yetu kurudisha. Ulisema “zamu yetu” kama jambo lililo wazi. Mimi nilisikia kitu kimoja tu: mwanangu anakwenda kwake, na sasa anataka na mama yangu aende.

Basi leo nikaibeba chupa mpaka kazini. Niliikaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikaifungia kwenye droo ya chini pamoja na mihuri. Niliona nina akili. Nilisahau ulichoniambia mara nyingi, kwamba chachu ikitikiswa inaamka, na mkoba wangu ulitikiswa na baiskeli tangu Kabondo. Nilisahau pia joto la bati hili.

Tulikuwa kwenye mkutano wa wafanyakazi. Chef, mkuu wangu, alikuwa anasoma maagizo kuhusu kuchelewa kazini. Droo yangu ikaanza kupiga mluzi, mwembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Nilikohoa. Ikanyamaza, kisha ikaendelea. Nikakohoa tena. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nina kifua. Harufu ikaanza kutoka, ile ya ndizi iliyopita kuiva, na povu likachungulia kwenye ufa wa droo, likaanza kushuka mguuni mwa meza bila haraka yoyote.

Chef alivua miwani.

“Mama Riziki, tiroir yako inapumua, ao ni miye ninazeeka?”

Nilijaribu kusema ni dawa. Nilijaribu kusema si yangu. Miaka yote hii nimeogopa siku hii, Riziki, nimeiona ndotoni, na katika ndoto hiyo huwa nafukuzwa nikiwa bila viatu. Alikuja akafungua droo mwenyewe, akaitoa chupa, akalegeza kifuniko kidogo kidogo kwa kidole gumba kama mtu aliyezoea. Ikapumua. Akainusa kwa muda mrefu.

“Iko harufu ya nyumba ya mama yangu,” alisema. Kisha akanirudishia. “Siku ingine ulete bia yenyewe. Matope yake, bakia nayo.”

Wote walicheka, akaendelea kusoma habari ya kuchelewa. Ndiyo ilikuwa hukumu yangu. Nilifuta mihuri kwa kitambaa cha kichwa, na nikafikiri jinsi nilivyokutuma jioni ukapeleke madumu kwa wanywaji kwa njia ya nyuma, ukizunguka nyumba tatu za watu kwenye tope, kwa sababu ya woga wa mtu ambaye hakuwahi kunitisha.

Sitakuambia usiwe na wivu. Una uso wangu, nadhani na huo umeurithi. Siku moja Mama Feza atapata mtoto mwingine, au papa yako atamsifu mwingine mezani, nawe utasikia kitu kinakaza hapa kooni. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mimi nilikaza kifuniko, na umesoma kilichotokea. Kama utakuwa na mtu wa kumwambia, mwambie. Kama mtu huyo atakuwa Mama Feza mwenyewe, afadhali nisijue.

Tangu mkutano uishe chupa imesimama hapa dirishani. Sasa imetulia. Tabaka zinaonekana vizuri kwa mwanga huu wa jioni, maji juu, weusi chini, na ile ya kwetu katikati. Nimeomba chupa tupu kwa mama anayeuza karanga nje. Nikachukua kijiko.

Sitakudanganya kwamba mkono ulikwenda moja kwa moja. Niliingiza kijiko mpaka chini. Ningeweza kukuchotea ule weusi, ungeonekana mzito na mzuri ndani ya chupa ya rangi, ungefika Bafwasende ukakataa kuamka, na yule mwanamke angesema pole, safari ni ndefu. Hakuna ambaye angejua. Nilikaa na kijiko humo mpaka matope yakaanza kuchafua ile nyeupe, ikanibidi kungoja tena itulie. Nilipokuwa nangoja niliwaza juu yake, siku ile ulipompigia kwa siri kuomba. Chachu ilikuwa mkononi mwake. Alijua ni mimi niliyejifungia chumbani. Kijiko chake yeye pia kingeweza kwenda chini.

Nimekuchotea ya katikati, yote niliyoweza kuifikia. Mimi nimebaki na kidogo, itakua.

Usiitie kifuniko. Nitakufungia kwa jani la ndizi kama koko, na utaibeba wewe mwenyewe kifuani, si kwenye begi nyuma ya pikipiki. Tonton Bosco akilalamika harufu, mwambie ni mama yako ameagiza. Kila mkisimama ilegeze kidogo ipumue. Mkikuta daraja limekatika mkalala njiani, itafutie mahali pa baridi kabla hujatafuta pako pa kulala.

Ukifika, mpe kwa mikono miwili. Usimwambie imetoka kwa koko. Koko alishatoa ya kwake. Mwambie hii imetoka kwa Mama Riziki. Sema jina langu taratibu, asikie.

Na ya kwangu itakufa tena, najijua. Nitaogopa kitu kingine, nitaiogesha kwa dawa nyingine. Siku hiyo nitapiga simu Bafwasende, na sitamwulizia mwenye nyumba. Nitakuulizia wewe. Koko alisema tuma mbali kwa mtu atakayekumbuka ni ya nani, na mimi sasa nina mtu wa mbali.

Kuna jambo moja tu naomba. Mtakapoitia kwenye chungu cha kwanza, kukicha kabla hujaenda shule, nipigie. Usiseme kitu. Weka simu karibu na mdomo wa chungu nisikie kinavyoongea. Na kama Mama Feza atakuwa amesimama hapo karibu nawe, mwombe asogee kidogo, kwa adabu. Nataka tukisikilize mimi na wewe peke yetu.

Mama yako,
yule wa masomo